Lori linatibiwa kabla ya kodi, dereva baada ya kodi

Kijana, mwisho wa mwezi ukipewa hati yako ya mshahara, itazame vizuri. Kodi imekwisha kukatwa kabla hujashika hata senti. Hakuna aliyekuuliza kama mwezi huo ulimlaza mama hospitali, au kama mtoto alipimwa damu mara tatu.

Sasa mtazame tajiri mwenye malori. Lori likiharibika, bili ya fundi huandikwa kuwa gharama ya biashara na kuondolewa katika mapato kabla kodi haijakokotolewa. Ndivyo inavyosema Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Lakini dereva wa lori hilo akivunjika mguu na kujilipia matibabu, sheria hiyo hiyo inayaita matumizi binafsi. Hapunguziwi hata shilingi moja. Je, lori ni bora kuliko dereva?

Tupige hesabu. Unalipwa shilingi 600,000. Mchango wa NSSF ni 60,000, zinabaki 540,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi. 250,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 8, na 20,000 za mwisho asilimia 20. Kodi yako ni 24,000. Ukilipa hospitali 200,000, kodi ni ile ile. Kama fedha hizo zingeondolewa kwanza, kodi ingekuwa 5,600. Ungebaki na 18,400. Kwa kigogo hiyo ni hela ya soda. Kwa mlalahoi ni nauli na dawa.

Ajabu nyingine: mwajiri akiwatibu wafanyakazi wake wote bila ubaguzi, matibabu hayo hayahesabiwi kuwa mapato ya mfanyakazi, wala ya mwenzi wake na watoto hadi wanne. Hilo ni jema. Lakini wewe ambaye bosi wako hajali, unajitibu kwa fedha iliyokwisha katwa kodi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Watasema haiwezekani. Mbona wengine wameweza? Kenya ilibadili sheria Desemba 2024, na mchango wa mfanyakazi katika bima ya afya ya jamii huondolewa kabla ya kodi. Marekani nako, mlipakodi anayeorodhesha gharama zake huruhusiwa kuondoa sehemu ya matibabu inayozidi asilimia 7.5 ya mapato yake.

Hata hivyo tusidanganyane. Kuondoa gharama tu kunamfaidi zaidi mwenye kipato kikubwa: anayekatwa asilimia 30 anaokoa 30 katika kila 100, wewe wa asilimia 8 unaokoa 8. Kwa hiyo tunadai nafuu ya kiwango kimoja kwa wote, yenye kikomo, kwa anayeonyesha risiti. Na machinga asiye na hati ya mshahara hatapata kitu hapo. Dawa yake ni Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itekelezwe mpaka mtaani kwake, isibaki karatasini.

Ndugu msomaji, tangu 1993 tumeambiwa tuchangie gharama hospitalini. Tunachangia. Kodi tunalipa. Kila ukitibiwa, dai risiti na uitunze. Mbunge wako akija kuomba kura, mwekee risiti hizo mezani na umuulize: lini mwili wangu utahesabiwa kama lori?