Umeme wa Kigoma usibague

IMANI ya Chama cha Mapinduzi kuhusu usawa wa binadamu haihitaji kufafanuliwa upya. TANU ilijengwa juu ya imani hiyo, na CCM iliirithi ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977. Kinachohitaji kuangaliwa kila mara ni kama imani hiyo inashuka kutoka kwenye maandishi hadi kwenye kaunta ya ofisi, kwenye nguzo na kwenye mita. Leo tunaliangalia jambo hilo katika mashirika yetu ya nishati, na tunalitazama tukiwa Kigoma.

Kwa miaka mingi Kigoma ilikuwa kama kisiwa katika nchi kavu. Reli ilifika ziwani mwaka 1914, lakini gridi ya taifa haikufika. Taa za mkoa ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli, mafuta yakisafirishwa kutoka mbali kwa gharama kubwa. Mwezi Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani mkoani, gridi ilianza kuingia. Ndipo pia ilipo miradi miwili mikubwa: njia ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kidahwe, na bwawa la Malagarasi lililopangiwa megawati 49.5. Nchini kote, Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vimefikiwa na umeme.

Hizi ni hatua za kujivunia. Lakini kijiji kufikiwa si sawa na kila nyumba kuwaka taa. Ni wajibu wetu kuuliza ni nani ambaye nyaya zinapita juu ya paa lake bila ya kushuka.

Tuchukue mwalo wa Katonga au wa Kibirizi. Wanaume huingia ziwani usiku kuvua dagaa kwa mwanga wa taa. Alfajiri mitumbwi inapofika, kazi ya kununua, kuanika, kukaanga na kuuza kwa sehemu kubwa huwa mikononi mwa kina mama. Masika mvua ikinyesha mfululizo, dagaa hawakauki. Huharibika, na hasara humwangukia mama aliyenunua. Hali ni hiyo hiyo katika ukamuaji wa mawese, kazi nzito ambayo wanawake wengi bado huifanya kwa nguvu za mikono. Kwa watu hawa umeme si suala la taa ya sebuleni tu. Ni barafu, jokofu, mashine ya kukausha na mashine ya kukamua. Shirika linalopanga kituo cha transfoma bila ya kuwauliza limepanga nusu ya kazi.

Lipo pia suala la gharama. Ada ya kuunganishiwa umeme iliyopangwa kuanzia Januari 2022 ilikuwa shilingi 27,000 kijijini na shilingi 320,960 mjini kwa mteja mdogo aliye karibu na nguzo. Mwanikaji wa Katonga anaishi ndani ya mipaka ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, lakini kipato chake hakitofautiani na cha mwanakijiji. Na hata ada ikiwa ndogo, mjane hana budi kumlipa fundi wa kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kilibuniwa kumwondolea mzigo huo. Lakini kifaa hakimsaidii mtu ambaye hajapata kusikia habari zake.

Tukiingia ndani ya mashirika yenyewe, sheria zipo. Katiba ya nchi ilirekebishwa mwaka 2000, na neno jinsia likaingizwa katika ibara inayokataza ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kuleta fursa sawa na kuondoa ubaguzi kazini. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo hatutosheki na jibu kwamba shirika fulani lina wanawake. Wako wapi? Mwanamke kwenye dirisha la malipo na mwanamke kwenye chumba cha kuongozea mitambo wote ni wafanyakazi, lakini hawana uzito mmoja katika maamuzi. Ipo kasumba kwamba nguzo ni ya mwanamume. Nguzo haimjui mwanamume wala mwanamke. Inamjua fundi aliyefundishwa, mwenye mkanda imara na viatu vinavyomtosha. Shirika linalonunua viatu vya saizi za wanaume peke yake, au linalompangia mama anayenyonyesha zamu ya dharura ya usiku bila ya usafiri, limemfungia mlango bila ya kuandika tangazo.

Wako watakaosema kwamba shirika la umeme ni la biashara, na kwamba mambo haya ni ya ustawi wa jamii. Hoja hiyo ina sura ya ukweli, kwani shirika lisilokusanya mapato halitanunua hata waya. Lakini mteja anayeendesha jokofu na mashine mchana kutwa ananunua uniti nyingi kuliko yule mwenye balbu mbili. Kumfikia mwanikaji wa dagaa ni biashara pia. Zaidi ya hayo, mali hii ni ya umma. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya ujamaa vijijini, alikiri wazi kwamba mwanamke wa Kiafrika amebebeshwa kazi kupita sehemu yake ya haki. Mwongozo wa TANU wa 1971 nao uliwakemea viongozi wenye kiburi na kuagiza wananchi washirikishwe katika mipango inayowahusu. Umangimeza hauwi halali kwa sababu umevaa sare ya shirika.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mashirika ya nishati yatangaze kila mwaka, mkoa kwa mkoa, idadi ya wafanyakazi kwa jinsia, kwa ulemavu na kwa ngazi ya madaraka. Pili, takwimu za wateja wapya zionyeshe ni nyumba ngapi zinaongozwa na wanawake. Tatu, panapolipwa fidia ya mashamba yanayopitiwa na nyaya, mke ashirikishwe na jina lake liandikwe. Nne, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ielekezwe pia kwenye majokofu na mashine, ili umeme ukifika ukute chombo cha kuutumia.

Chama nacho kisikae pembeni. Matawi ya CCM na UWT, kuanzia Ujiji hadi vijiji vya mwambao, yaitishe mikutano, yawaite maofisa wa umeme, na kina mama waulize maswali yao kwa lugha yao wenyewe. Ofisa atakayetoa majibu ya kweli apongezwe, atakayekwepa awajibishwe. Gridi imejengwa kwa fedha za Watanzania wote. Mama wa Katonga ni mmoja wao, na anayo haki ya kudai sehemu yake.