NYUMBA NA MAPOKEZI: Jiwe la Tororo Lisijengwe Ndani



Juma hili twajibu barua ya mama mmoja wa Tororo. Mumewe amestaafu jeshini, na karibu kiinua mgongo chake chote amekitia katika hoteli ndogo ya vyumba kumi na viwili iliyopewa sura ya Jiwe la Tororo. Wageni wamepungua, na mzee ameazimia kuubadili ukumbi wa mapokezi. Ataka jiwe la saruji lenye maji yatiririkayo lijengwe katikati, simba wawili wa plasta wakae kando yake, picha yake akiwa katika sare itundikwe juu ya meza ya mapokezi, na mlinzi mwenye bunduki asimame mlangoni. Fedha iliyosalia yatosha kazi moja tu. Mama auliza kama itumike hivyo.

Mama mpendwa, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, tumfikirie huyo mgeni. Aghalabu ametoka Kenya kwa njia ya Malaba au Busia. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, msafiri hukaguliwa katika upande ule anaoingia, wala hapangi foleni mara mbili. Hata hivyo amekwisha kusimama, kuulizwa na kufungua mizigo. Afikapo kwenu ana vumbi, kiu na uchovu. Ahitaji mambo manne: uso wa mtu wa kumkaribisha, mahali pa kutua mzigo, kiti, na maji. Ukumbi usiompa hayo umeshindwa kazi yake, hata ukipambwa kwa dhahabu.

Ama kuhusu sura ya hoteli, wako waliotutangulia. Huko Shanzu, Mombasa, hoteli ya Serena ilijengwa kwa mfano wa mji wa Waswahili kama Lamu. Katika vilima vya Taita, hoteli ya Salt Lick imesimama juu ya nguzo ndefu, ili mgeni awatazame tembo na nyati wakija kunywa maji chini yake. Hoteli hizo ni za matajiri, lakini funzo lake halina bei: uzuri wake umetokana na mahali penyewe. Mjenzi wa Salt Lick hakuhitaji tembo wa plasta, kwa kuwa tembo wenyewe wapo.

Nanyi Jiwe mnalo. Ni mabaki ya volkeno ya kale, na kilele chake chafikia mita 1,483 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwalijengea nini mwigo wa saruji utakaowaziba wageni wasilione lenyewe? Fedha hiyo ipanueni dirisha linaloelekea Jiwe. Meza ya mapokezi isogezwe ubavuni, na viti vielekezwe dirishani. Sakafu ipakwe rangi nyekundu isiyoonyesha vumbi upesi. Chini pawekwe mikeka ya mafunjo, ambayo mafundi wake hawako mbali, na pembeni vyungu vya wafinyanzi wa Kipadhola na Kiteso. Ukutani, mchoraji wa mjini aweza kuchora miviringo myekundu na myeupe kwa mfano wa michoro ya kale iliyo katika miamba ya Nyero, Kumi. Simba hana kazi hapo.

Twageukia sasa picha na bunduki, na hapa twaomba mzee atusikilize kwa subira. Nchini Uganda neno hoteli lina kumbukumbu yake. Nile Mansions ya Kampala, iliyojengwa kwa ajili ya mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1975, baadaye ilijulikana kuwa mahali pa kuhojiwa na kuteswa watu. Wako walioingia katika jengo lile wasirudi nyumbani. Mwaka 2006 mahali pale palifunguliwa upya kwa jina la Kampala Serena, baada ya matengenezo makubwa. Kuta na sakafu zaweza kubadilishwa kwa miaka michache, lakini mzee wa leo aliyekuwa kijana siku zile bado aweza kusita mlangoni aonapo bunduki kabla ya kuona uso. Sisi tulio katika nyumba za askari yatupasa kulijua hilo kuliko wengine. Si aibu kwa sare. Ni wajibu wa aliyeivaa kuhakikisha kwamba haimtishi raia.

Ulinzi ni lazima, lakini uwe langoni, ambako magari huingilia. Picha ya mzee itundikwe ofisini mwake kwa heshima yake yote. Penye meza ya mapokezi asimame yeye mwenyewe, amwamkie mgeni na kumpokea mzigo.

Mwisho, tuige jambo moja kutoka nyumba za kale za Lamu. Mgeni hupokewa dakani penye viti vya mawe, na njia ya kuingilia ndani hupinda ili apitaye nje asione ya ndani. Basi mlango wa vyumbani usitazamane na barabara. Kiambaza kifupi chatosha kuuficha. Daftari la wageni nalo lisiachwe wazi juu ya meza, kila apitaye akasoma nani amelala chumba gani. Anayestahili kulikagua kisheria ataonyeshwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama, msomee mzee majibu haya jioni, akiisha kula. Kisha mketi wote wawili katika ukumbi huo asubuhi moja, mahali atakapoketi mgeni, mtazame mnachokiona. Kama si Jiwe, anzeni na dirisha.