Ushindi wa Kidole Chepesi

Chemsha bongo ya muhula uliopita iliniacha na donge kooni. Swali lilikuwa: "Nani aliyeandika Kusadikika?" Mwenzetu ambaye amekisoma kitabu hicho mara tatu alichelewa kugonga kengele. Mpinzani alimpiku, akajibu, "Shaaban Robert!" Makofi pwaa! Baadaye, tukinywa chai, nilimuuliza huyo bingwa Karama alishtakiwa kwa kosa gani. Akacheka. "Karama ndiye nani? Mimi nilimeza orodha ya vitabu na waandishi tu, bwana."

Simlaumu. Naliona kosa katika swali lenyewe.

Wamarekani nao walipitia papo hapo. College Bowl, shindano la wanafunzi wa vyuo vikuu, lilianza redioni mwaka wa 1953, likaingia kwenye televisheni mwaka wa 1959. Mwaka wa 1961 shule za upili za Washington zikapata kipindi chao, It's Academic. Televisheni haina subira: swali fupi, jibu fupi, twende! Lakini mchezo ulipoenea nje ya studio, watungaji wakaanza kulirefusha swali. Siku hizi huanza na jambo gumu linalojulikana na aliyezama kitabuni, kisha huteremka polepole hadi lile la kila mtu. Mchezaji ana ruhusa ya kukatiza popote. Katika mashindano ya NAQT, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1996, anayejibu mapema hupata alama 15 badala ya 10. Anayekatiza akakosea hupokonywa 5! Papara ina bei yake.

Hebu tujaribu na letu: "Mwandishi huyu aliandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad. Katika hadithi yake moja, Karama anashtakiwa kwa kuanzisha somo la uanasheria. Alizaliwa karibu na Tanga mwaka wa 1909. Mtaje mwandishi huyu wa Kusadikika." Mwenzetu angegonga kengele kwenye Karama, pengine hata kabla, naye yule wa orodha angali anangoja jina la kitabu.

Kuna watakaosema ati wasikilizaji watasinzia. Sidhani, tulisinzia mwaka huu kwa maswali mafupi vilevile. Wengine watasema walimu hawana nafasi ya kutunga maswali marefu namna hiyo. Hilo nalikubali, wana madaftari yetu ya kusahihisha. Basi tuyatunge sisi wanachama. Mimi nimekwisha kuandika sita, na mwenyekiti anayo.