Daftari Linamwandika Nani?

Wanachama wetu wa makamo watalikumbuka jina la Makurunge, kule Bagamoyo, kwa sababu ya Razaba. Neno hilo ni kifupi cha Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, na ng'ombe wake walikuwa wa Serikali yetu tangu miaka ya 1970 mpaka ranchi ilipofungwa katika miaka ya 1990. Leo ukipita huko utaona miwa. Kiwanda cha Bagamoyo Sugar, cha kampuni ya Bakhresa, kilianza kutoa sukari mwaka wa 2022.

Baina ya ng'ombe na miwa hii ilipita khabari nyingine, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza. Kampuni ya EcoEnergy, ambayo asili yake ni Uswidi, ilipewa zaidi ya hekta 20,000 za ardhi hiyo ili ilime miwa, na watu waliokuwa wakiishi humo ikawa wahamishwe. Wakapita watu na makaratasi kuhesabu nyumba, mashamba na miti, ili yajulikane makisio ya fidia. Kila kaya ikaandikwa kwa jina la mkuu wake, na mkuu wa kaya aghalabu ni mwanamume. Bibi Youjin Chung, mtaalamu aliyefanya uchunguzi kwa watu wa huko, alieleza katika makala aliyoyachapisha mwaka wa 2017 jinsi wake walivyotiwa chini ya majina ya waume zao, ijapokuwa kulima, kuteka maji na kulea kulikuwa mikononi mwao. Serikali iliufuta mradi ule mwaka wa 2016. Twauleta hapa kwa sababu unaonyesha wazi kwamba fedha hufuata daftari, na asiyeandikwa hatiwi katika hesabu.

Hivyo ndivyo ilivyo bajeti ya Serikali. Wenzetu wa TGNP huko Bara wamekuwa wakilisema jambo hili tangu mwaka wa 1997, nao huliita bajeti yenye mrengo wa kijinsia. Ni jina zito mdomoni, lakini maana yake si nzito. Kabla ya kupitisha fungu lolote, na iulizwe: fungu hili litampunguzia nani kazi, na litamwongezea nani? Kisima kikichimbwa karibu na nyumba, kinamrudishia bibi saa zake za asubuhi. Kisipochimbwa, analipa yeye kwa miguu yake, na malipo hayo hayaonekani katika kitabu chochote cha Serikali.

Wapo watakaosema kwamba Bara jambo hili limekwisha kutengenezwa kwa sharia. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2018 sharia inazitaka halmashauri, na ya Bagamoyo ni mojawapo, zitoe sehemu 10 katika kila 100 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Walakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilionyesha fedha nyingi hazikurudi, na baadhi ya vikundi havikuonekana vilipo. Mikopo ikasimamishwa mwaka wa 2023, ikarudishwa mwaka wa 2024 kwa utaratibu mpya. Hatuidharau. Bibi wa Makurunge anayepata mtaji wa kukaanga samaki bila ya riba amepata kitu. Lakini tazameni jinsi watu wanavyoshindana juu ya zile sehemu 4, na zile 90 zilizobaki hapana anayeziuliza. Barabara, soko, maji, spitali, yote yamo katika hizo 90. Mkopo ni deni, tena lazima ulipwe. Kisima hakimdai mtu.

Sasa na turudi shambani kwetu. ZSTC limekuwa likiwalipa fidia watu wanaoanguka mikarafuuni, na sisi twalishukuru, kwani hapana kijiji cha Pemba kisichomjua mtu aliyevunjika kiuno msimu wa karafuu. Ila tuulize lile suali letu. Anayepanda juu ni nani? Aghalabu ni mwanamume. Na karafuu zikishuka, nani hukaa mpaka usiku kuzichambua na makonyo, nani huanika majamvi, nani hukimbia kuzianua wingu likitanda? Khasa ni wanawake na watoto. Kazi ile haina kuanguka, lakini ina mgongo, ina macho, ina usingizi uliopotea. Karafuu iliyoanikwa vibaya inapoteza daraja, na bei pamoja nayo. Basi fedha ya daraja la kwanza ni fedha ya mchambuaji na mwanikaji pia, ijapokuwa risiti ina jina moja tu, la mwenye gunia.

Hatusemi fidia ya wapandaji ipunguzwe hata senti moja. Twasema fungu la maendeleo ya karafuu liwe na mahali pa kununulia maturubali mazuri, pa kujengea vipaa vya kuanikia penye mvua nyingi, na pa kuwalipa wakufunzi watakaokwenda majamvini kuzungumza na wanawake badala ya kuonana na mwenye shamba barazani peke yake.

Baadhi ya wazee wametuambia kwamba haya ni mambo ya kigeni yanayokuja kuvunja nyumba za watu. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Sura ya Nisaa imemwekea mwanamke fungu lake la urithi, na visiwani humu wapo mabibi wengi wenye mikarafuu yao waliyoirithi kwa wazee wao. Aliyepewa haki ya kumiliki mti hawezi kuwa mgeni anapouliza juu ya fedha inayotokana na mti huo. Na kama twataka mfano wa jirani, Uganda ilitunga sharia ya fedha za umma mwaka wa 2015 inayotaka bajeti iwe na cheti cha kuonyesha kwamba imezingatia jinsia na usawa kabla ya Bunge kuipitisha, na Tume ya Fursa Sawa hushauri juu ya cheti hicho. Hatujui taabu gani ingetupata kwa kuomba Baraza letu la Wawakilishi litazame jambo kama hilo.

Lakini Wizara haitatusikiliza kwa maneno matupu, kwani wataalamu wa fedha hutaka hesabu. Kwa hivyo twapendekeza kwa Mkutano Mkuu kwamba msimu ujao kila tawi liweke daftari lenye safu nne: jina la mwenye shamba, la mchumaji, la mchambuaji, na la mwanikaji, pamoja na pishi na siku walizofanya kazi. Daftari za majaribio zipo ofisini. Tawi linalotaka kuanza na litupelekee majina ya waandishi wawili, mmoja wao awe mwanamke, kabla ya siku ya mkutano.