Ijara na Jogoo wa KANU

Wanafunzi wa historia hupenda kuuliza: kwa nini Wasomali wa Masalani, na wa Kaskazini Mashariki kwa jumla, waliing'ang'ania KANU, ilhali ni chini ya utawala wake yalipotokea mauaji ya Wagalla mwaka 1984 na ukaguzi wa Wasomali mwaka 1989? Wapo wasemao ni ujinga. Nakataa katakata.

Mtu ambaye uraia wake hutiliwa shaka hapigi kura kama yule asiyewahi kuulizwa kwao ni wapi. Kitambulisho, chakula cha msaada, barua ya chifu: vyote vilitoka mkono mmoja, na mkono huo haukutukanwa hadharani. KANU nayo ilikuwa na haja yake. Tangu 1992 mgombea urais alitakiwa kupata asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Mkoa wenye wapiga kura wachache ukawa na uzito kupita idadi yao.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifunza zaidi. Mwaka 2002 KANU iling'olewa Ikulu, lakini Ijara, jimbo la Masalani, ilimchagua Yusuf Haji kwa tiketi ya jogoo, ikarudia 2007. Mwaka 2008 akawa Waziri wa Ulinzi chini ya Kibaki. Kumbe uliotafutwa ni mlango wa serikali. Mwaka 2013 alipogombea kwa TNA, Garissa ilimpeleka Seneti, wala sikusikia aliyemlilia jogoo.