Kabla ya kuingia, tazama mlango wa kutokea

Mwaka jana sisi wanafunzi wanne wa lugha za Kiafrika tulianzisha kipindi cha sauti kwenye intaneti. Tulikuwa tunawafuata wazee wa Katuba na Ruashi, tunawauliza habari za Lubumbashi ya zamani, nao wanatujibu kwa Kiswahili chao, si kile cha vitabuni. Sehemu ya tatu ilikuwa ya mama mmoja, mjane wa mfanyakazi wa migodi. Tulimwita Kambo, kama wajukuu wake walivyomwita. Alitueleza jinsi posho ilivyogawanywa katika kambi ya kampuni, na maneno ambayo wanawake walitumia wakiwa kwenye mstari ili wakubwa wa kambi wasielewe.

Sehemu hiyo leo haipo. Jukwaa tulilolichagua lilisema kuweka sauti ni bure. Hatukusoma mstari uliosema kwamba bure hiyo ni ya miezi mitatu tu. Muda ulipokwisha, faili zikafutwa. Zile za awali tulikuwa tumezifuta sisi wenyewe kwenye telefone, maana ilikuwa imejaa. Tulipotaka kurudi kwa Kambo, alikuwa amekwisha kufariki.

Siandiki ili kulaumu jukwaa lile. Masharti yalikuwepo, sisi ndio hatukuyasoma. Naandika kwa sababu nasikia makundi mengine mawili ya kitivo yanajiandaa kuanza vipindi vyao, na swali linaloulizwa ni lilelile tuliloanza nalo sisi: jukwaa gani lina wasikilizaji wengi? Kwa maoni yangu, hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: siku nikitaka kuondoka, nitaondoka na nini?

Tutenganishe kwanza vitu viwili tunavyovichanganya. Kuna mahali faili ya sauti inapohifadhiwa, na kuna programu ambayo msikilizaji anaifungua ili asikilize. Kati ya hivyo viwili kuna RSS, yaani orodha fupi ya maandishi inayotaja kila sehemu ya kipindi na mahali sauti yake ilipo. Programu za kusikilizia zinaisoma orodha hiyo tu. Google Podcasts ilipofungwa mwaka 2024, mtu aliyekuwa ameweka sauti zake kwingine, na anwani ya RSS iko mikononi mwake, hakupoteza hata sekunde moja ya kipindi. Wasikilizaji walihamia programu nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kujiandikisha popote, uliza: je, jukwaa hili litaniruhusu kuelekeza anwani ya RSS kwenye makao mapya siku nikihama? Malipo yakikoma, sauti zinabaki au zinafutwa? Kama hakuna jibu lililoandikwa wazi, usiingie.

Swali linalofuata ni la uzito. Msikilizaji wetu ananunua mega kidogokidogo. Mazungumzo ya dakika 30 yakihifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde yana megabaiti 29 hivi. Kwa kilobiti 64, mono, yanashuka hadi 14 na kitu. Kwa sauti ya mtu anayezungumza, bila muziki, sikio halipotezi kitu kikubwa. Lakini faili hiyo nyepesi ni ya kusambaza. Sisi wanaisimu tunahitaji pia ile nzito ya WAV, maana siku moja mtu atataka kupima toni na urefu wa irabu.

La tatu linatuhusu sisi kuliko watu wengine: jina la lugha. Majukwaa mengi yanakutaka uchague lugha ya kipindi katika orodha inayofuata misimbo ya ISO 639. Katika ile ya herufi mbili, Kiswahili ni sw, Lingala ni ln, Kikongo ni kg. Tshiluba, lugha ya taifa kama hizo tatu, haimo. Inapatikana tu katika ile ya herufi tatu, kama lua. Kiswahili cha Kongo nacho kina msimbo wake wa herufi tatu, swc, ambao orodha fupi haiujui. Jukwaa likikulazimisha kuandika «Kifaransa» au «nyingine», atakayetafuta kipindi cha Tshiluba hatakipata, hata kama kipo.

Wenzangu wananijibu kwamba haya yote ni kujisumbua, watu wako WhatsApp. Ni kweli, na huko ndiko kipindi chetu kilikosikilizwa zaidi. Lakini WhatsApp ni barabara, si ghala. Sauti inapita, telefone inajaa, inafutwa. Redio ilitufundisha hivyo zamani. Kundi la Mufwankolo lilichekesha mji huu kwa Kiswahili chake, redioni na kwenye televisheni. Lakini anayetaka leo kuchunguza jinsi mchezo wao ulivyotungwa anakwenda kwenye kazi ya Johannes Fabian, aliyerekodi mazoezi yao mwaka 1986 na kutoa kitabu mwaka 1990. Maandishi mengi ya Kiswahili cha mtaani cha mji wetu yako kwenye intaneti kwa kazi iliyofanyiwa Amsterdam. Nawashukuru walioifanya. Lakini nauliza kwa nini kizazi chetu, chenye telefone mfukoni, kiendelee kusubiri mgeni amhifadhie.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kila sauti iwe na nakala tatu: moja kwenye diski ya kitivo, moja kwenye jukwaa la podikasti linaloruhusu kuhama, moja kwenye Internet Archive, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 1996, ambalo halidai malipo kwa kuweka faili. Hata hilo lisiachwe peke yake: Oktoba 2024 lilishambuliwa na wadukuzi, likawa halifunguki kwa siku kadhaa.

Na kwa walimu wetu nina ombi moja. Majukwaa mengi ya kulipia yanataka kadi ya benki. Sisi tuna pesa za telefone. Kitivo kikilipa kwa jina lake, sisi tukachanga kila promosheni, akaunti haitakufa siku mwanafunzi aliyeifungua atakapomaliza masomo na kwenda zake.

Mjukuu wa Kambo ameniuliza mara mbili kama sauti ya kambo wake imepatikana. Mara zote mbili nimemjibu kwamba bado tunatafuta. Hatutafuti tena, hakuna pa kutafuta. Wiki hii nitakwenda kumwambia.