Wati 10,000? Tusidanganyane!

Jamani, pita Luthuli Avenue hapa Nairobi uone maboksi ya spika yalivyoandikwa wati 10,000 za PMPO. Zitoke wapi? Soketi yetu ya volti 240 na ampea 13 haifiki hata wati 3,200! PMPO si kipimo, ni chambo. Ulizia RMS, nguvu ambayo mtambo unatoa mfululizo bila kuzidiwa. Na ujue, wati zikiongezeka maradufu unapata desibeli 3 tu. Ukitaka sauti ya sinema, usibanie spika ya katikati: kwenye mfumo wa 5.1 ndiyo hubeba maneno mengi ya waigizaji. Besi inayotikisa madirisha huku maneno hayasikiki si sinema, ni matatu. Muuzaji akikwepa swali la RMS, ondoka na pesa zako.